Marekebisho ya Guled

Mto ulikuwa unapanda, na Guled hakutulia tangu asubuhi. Aketi, ainuke, achungulie barabara ya Garsen, arudi kwenye kompyuta. Kazi yake ni kuwatumia wafugaji tahadhari ya mafuriko kwa simu, ila programu hakuiandika yeye. Tasnim wa Kipini ndiye aliyeiandika, akaitoa bure: chukua, tumia, hata uza, hudaiwi kitu.

Basi kijana wetu akachukua, akauza. Mwezi uliopita aligundua kasoro: tope likiziba kipimo cha mtoni, programu hung'ang'ania namba ya zamani kana kwamba maji yametulia. Akairekebisha kwake, akafyata ulimi. Watu wa Ozi, kule mto unakokaribia bahari, walitumia programu hiyo hiyo na kuwania wateja wale wale. Leseni haikumlazimisha kusema, na alijikumbusha hivyo kila alipokosa raha, yaani kila siku. Hata masahihisho mapya ya Tasnim aliacha kuyapakua, yasije yakafuta yake.

Sasa baba yake, mzee Abdirahim, alikuwa bondeni na ng'ombe. Skrini ilisema tahadhari imemfika, lakini simu yake haikupatikana. Woga ukamshinda Guled, akampigia Tasnim.

"Dada, programu inasema ujumbe umefika, na mzee simpati."

"Hiyo kasoro ilikwisha. Mtandao ukikatika, ilikuwa yasema umefika na haukufika. Miraji wa Ozi alisahihisha, akatugawia sote. Kwani hukupakua?"

Guled alikata simu, akajaribu tena namba ya baba yake. Aliona aibu, na alimwogopea baba yake kuliko alivyowahi kumwogopea mtu.

Saa sita mzee akapiga mwenyewe.

"Tuko Tarasaa, ng'ombe wazima. Ujumbe ya Ozi ilijituma tena na tena, mpaka ikashika mtandao. Yako sijaona."

"Alhamdulillahi, Aabo."

"Huyo Miraji ni mtu. Nimempigia kumshukuru, nikamwambia ahame, anasema yuko sawa, kipimo ya kwao haijasogea tangu jana."

Guled alisimama. Ozi maji hupanda na kushuka kila siku kwa nguvu ya bahari, hata wakati wa kiangazi. Kipimo kisichosogea kilikuwa kimezibwa na tope.

Akampigia Tasnim tena. "Waambie Ozi wahame, kipimo chao kimeziba. Nakutumia marekebisho sasa hivi, yako tayari."

"Umeyaandika lini?"

"Mwezi uliopita."

"Miraji ana watoto wanne kule," Tasnim alisema, akakata simu ili awapigie.