Kijiti cha Nne

Mtu wa Kashojwa, kambini kwa wakimbizi, akisema anakwenda mjini Mbarara, hawamwachi aende hivi hivi. Pélagie alikuwa anakwenda kumuuguza dada yake hospitali, wiki mbili, lakini maagizo ni maagizo. Mumewe, Byamungu, aliwasimamisha watoto watatu juu ya sakafu, akapima nyayo zao kwa matete makavu, akayakata na kuyafunga uzi. Kwao viatu hununuliwa hivyo: mguu unabaki nyumbani, kijiti kinasafiri. Yeye mwenyewe aliagiza samli, tena isiyochanganywa na mafuta ya dukani, maana kwa samli Byamungu hana mchezo.

Dada akapata nafuu. Siku ya kurudi, Pélagie akaingia sokoni asubuhi na kikapu chake. Samli aliinusa kwa wauzaji watatu, wa nne ndiye akamfungia kwenye jani la mgomba. Akachagua kabalagala, vile vikate vya ndizi na muhogo, vilivyokuwa bado laini, kwa sababu Gad, kitinda mimba, hakuwa na meno ya mbele. Kisha akaenda kwenye viatu vya mitumba, akafungua fundo la Byamungu.

Muuzaji alipima vijiti vitatu, akatoa jozi tatu. "Na hii ya nne, mama?"

Pélagie alicheka, akahesabu, kicheko kikakauka. Kweli vilikuwa vinne. Cha nne kilikuwa kirefu kuliko cha Pascaline, binti yake wa kati, kifupi kuliko cha Junior, kifungua mimba. Vingine vilikuwa vikavu kama kuni, hiki kilikuwa kibichi, na maji yake yalimlowesha kidole.

Kati ya Junior na Pascaline aliwahi kuwapo mtoto mmoja, Gradi. Walipokimbia vita vya Kivu, miaka saba iliyopita, mkono wake ulichomoka kwenye wa mama katikati ya watu. Alikuwa na miaka minne. Byamungu alimtafuta mwaka mzima, mwishowe akaweka matanga bila maiti, akakataza jina lile lisitajwe nyumbani. Pélagie alitii kwa mdomo tu.

Sasa alisimama pale na kijiti mkononi. Kununua ni kusema mtoto yuko hai na kutonesha kidonda cha mume. Kuacha ni kumzika Gradi kwa mkono wake mwenyewe. Aliogopa, tusifichane, lakini hilo la pili hakuliweza.

"Nipe vile vyeusi," alisema.

Muuzaji akalaza kijiti ndani ya kiatu. Kikaingia, kikabakisha nafasi ya kidole, ya kukulia.

Alipofika Kashojwa mchana, watoto walimrukia, kabalagala zikaisha kabla hajakaa. Viatu vikawatosha wote. Byamungu alionja samli, akaridhika, kisha akaona jozi nyeusi imebaki kikapuni.

"Ile ni ya nani?"

Pélagie akampa kijiti, akamweleza kilivyokuja. Byamungu alikigeuza mkononi, uso ukambadilika.

"Miye nilikata tatu. Hii sikuikata." Sauti yake ilikuwa ya hasira. Alichukua kiatu na kusukuma kijiti ndani, amwonyeshe mkewe upuuzi wake.

Kijiti hakikuingia. Kilitokeza juu ya kisigino, karibu upana wa kidole.

"Kiliingia," Pélagie alinong'ona. "Leo asubuhi kiliingia. Muuzaji aliona kwa macho yake."

Junior akawashika wadogo zake mikono. Byamungu aliketi kwenye kigoda, akapitisha kidole pale kijiti kilipokatwa, na kidole kikalowa. Pélagie alijua hasira za mumewe, akangoja kusikia kikivunjwa.

Byamungu akatoa kikapuni ule uzi wa vijiti, akakifunga nao. Fundo lilimshinda mara mbili. Alipomaliza alikiweka kijiti kiganjani mwa mkewe, akamkunja vidole juu yake.

"Kesho urudie Mbarara ukabadilishe," alisema. "Biatu bya Gradi biko bidogo."