Barua ya Mwenendo wa Piers

Ofisini kwao Leeds, anayeacha kazi ndiye hununua keki. Piers Lonsdale alileta za krimu, na watu wakazila kimya kimya kama wanaomeza dawa.

Doreen Ackroyd hakuzigusa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha washauri wa pensheni wanafuata kanuni, na siku hiyo alitakiwa kutia saini barua ya mwenendo wa Piers, kwenda kwa kampuni iliyotaka kumwajiri. Gerald, mwenye ofisi, alikwisha kuiandika. Piers alitoka humo msafi kama malaika.

"Saini tu, Doreen, tumalize. Si anaondoka?"

"Na yale aliyomfanyia Tamsin?"

"Tamsin anadeka. Piers ni mtu wa utani."

Doreen aliisukuma barua kando, akiwaza lile neno utani. Unamshika binti wa watu kiuno ndani ya lifti, unamnong'oneza uchafu sikioni, halafu ni utani.

"Kanuni mpya zinasema kunyanyasa mwenzako kazini ni kosa, sawa na kumwibia mteja."

"Kanuni mpya hazifukui makaburi, mama. Hayo yalishapita."

Doreen alimkuta Tamsin kwenye ngazi, maana lifti hakupanda tena. Kila jioni Clifford, mlinzi, alishuka naye ghorofa zote kwa magoti yake mabovu, akidai daktari kamwamuru afanye mazoezi. Mfanyakazi mwingine alibadilishana kiti na Tamsin ili asikae karibu na Piers. Doreen mwenyewe alimpelekea chai. Wema mtupu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia Piers koma. Hilo nalo lilimtia kinyaa.

"Wanataka nimsafishe," Doreen alisema, akiketi kando yake. "Nataka kuandika kweli, lakini jambo ni lako. Ukikataa sitakulaumu."

"Atajua ni mimi?"

"Atajua, mwanangu."

Tamsin alipuliza chai yake. "Huko aendako wanampa wasichana wapya awafundishe kazi. Amejisifu mwenyewe, eti wamemwandalia bustani."

Doreen alimwekea mkono begani, akasubiri.

"Andika," Tamsin alisema. "Na lifti uitaje."

Aliitaja. Aliandika na maneno yenyewe aliyonong'onezwa Tamsin, akaituma barua kwa kampuni ile. Kisha akampelekea Gerald nakala.

Gerald aliisoma, masikio yakamwiva. "Utatuchafua, mwanamke wewe."

"Tumeshachafuka. Tulikuwa tunajipaka marashi tu."

"Nitatafuta mwingine wa kusaini ile yangu."

"Mtafute. Ila mwambie yangu imeshafika, na nyingine kama hiyo nimewapelekea wasimamizi wa kanuni huko London."

Gerald aliikunja nakala, akaitia mfukoni. Nje watu walikuwa wamekusanyika, na sauti ya Piers ilimjia kwa furaha: "Gerald, mzee, njoo bwana, hotuba ya kuniaga iko wapi?"

Gerald alisimama na mkono kwenye kitasa cha mlango, akijaribu tabasamu moja, kisha jingine, na hakuna lililomkaa usoni.