Shimo Nililolimwagia Maji

Mimi ni mtu wa haraka, na wala sijivunii. Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba nikiinjika maharage nataka yaive kabla moto haujashika. Kwa hiyo barua ya ofisi ya ardhi ilipofika, mimi ndiye niliyeisoma, mimi ndiye niliyeielewa nusu, na kwa sababu yangu mimi nusura tupokonywe shamba.

Barua ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza ilisema mashamba yote ya kando ya kijito yatakaguliwa. Patakapokutwa maji yametuama ndani ya kimo cha mtu, pataachwa paote matete, na wenye shamba watapewa kiwanja kingine kule juu, karibu na machimbo ya kokoto. Patakapokutwa pakavu, wenyewe wataendelea kulima. Kila mtu achimbe shimo la kimo chake katikati ya shamba kabla mpima udongo hajafika. Nilipofika hapo nikaikunja barua.

"Nimeisoma yote, Mama," nikamwambia mama mkwe. "Wanataka shimo tu."

Ukurasa wa pili sikuugusa.

Shamba lenyewe liko kama kibaraza. Kijito kinapita chini, halafu ukipanda kingo unakuta uwanda mpana uliolala vizuri, na nyuma yake ndiyo kilima kinaanza. Mama mkwe amelima pale miaka arobaini. Ana maboga, ana mboga za majani, na ana miparachichi kumi na miwili aliyoipanda na mwanawe, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuzaa. Tangu mume wangu afariki tumebaki sisi wawili, na katika miaka yote mitatu hajaniuliza hata siku moja nitarudi kwetu lini. Watu wengine walikuwa wakiuliza. Kama shamba lingeondoka, sijui ningekuwa nimebaki pale kwa kisingizio gani.

Wiki ile mama mkwe alikwenda kumuuguza dada yake kwa siku nne, akaniachia kazi ya shimo. Nikawaita ndugu wawili wanaochimba vyoo hapa kwetu, watu hodari kwa jembe na hodari zaidi kwa kulalamika. Ilikuwa kiangazi, na udongo wa juu ulikuwa umekauka ukashikana. Siku ya kwanza walifika magotini, wakakaa chini wakasema jua kali. Nikawaangalia mpaka nikachoka. Jioni nikashuka kijitoni na ndoo, nikamwaga maji shimoni, ndoo baada ya ndoo. Kesho yake jembe likazama kama kwenye uji. Nikajiona nimegundua dunia.

Basi ikawa ndio mtindo, kila jioni namwaga, kila asubuhi wanachimba. Siku ya ukaguzi palikuwa pamebaki kama shibiri mbili kufikia kimo, nikaamka alfajiri nikamwaga ndoo kumi na tano kwa mpigo. Wale ndugu wakaingia miguu mitupu, wakachimba huku wanakanyaga, wakakanyaga mpaka chini pakawa tope laini la kukandika ukuta. Walipotoka, shimo lilikuwa la kimo cha mtu kamili. Nilifurahi sana.

Saa tatu akafika mpima udongo. Alikuwa mwanamke mfupi mnene, kofia ya ukindu kichwani, kisu kipana kiunoni. Nilimpachika jina la Mama Kisu kabla hajatua mzigo. Mama mkwe naye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kwa dada yake, hata kanga ya safari hajaivua.

"Shikamoo, mama," Mama Kisu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Shimo lile pale."

Akateremsha ngazi, akashuka. Tukasikia miguu yake ikisema chubwi.

"Mama, hapa kuna chemchemi?"

"Hapana," mama mkwe akajibu. "Sijapata kuiona."

"Maji yananifika vifundoni."

Nilijua yale maji yametoka wapi, nilijua ni ndoo ngapi, na nikajitia kufunga kanga yangu upya. Nilijiambia yatakauka. Nilijiambia huyu ni mtaalamu, atajua mwenyewe. Mtu mwoga hakosi la kujiambia.

Mama Kisu akawa anakwangua ukuta wa shimo kwa kisu chake, taratibu, kutoka juu hadi chini. Akachukua donge, akalisugua kati ya vidole, akalinusa. Akafungua kijitabu chenye vipande vidogo vya rangi, akalinganisha. Akakwangua tena.

"Ajabu," akasema, akiwa hasemi na mtu. "Udongo unaokaa majini hugeuka kijivu, ukawa na madoa ya kutu kama bati kuukuu. Huu ni kahawia tupu mpaka chini. Hauna hata doa moja."

"Si ndiyo vizuri?" mama mkwe akauliza.

"Rangi ni nzuri, mama. Lakini maji nayaona kwa macho yangu, nimesimama ndani yake. Siwezi kwenda ofisini nikaandika kwamba sikuyaona."

Akapanda, akafuta mikono, akafungua daftari na kuandika. Mama mkwe akamtazama mpaka alipoweka nukta.

"Kule machimboni," akauliza, "hii miparachichi itashika?"

"Mikubwa hivi haihamishiki, mama. Pole sana."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Hakulia, hakubisha. Alikwenda kwenye mti wa karibu, akainama, akaanza kung'oa majani yaliyokuwa yameota shinani, na kanga yake ya safari mabegani.

Hapo nikashindwa. Kama angenitukana ningevumilia.

"Maji nilimwaga mimi," nikasema.

Mama Kisu akageuka. Mama mkwe akabaki vilevile, ameinama.

"Unasemaje, dada?"

"Nilimwaga mimi. Ndoo kumi na tano leo alfajiri, na jana, na juzi. Nilitaka udongo ulainike wamalize upesi. Hakuna chemchemi. Chemchemi ni mimi."

"Barua si mlipata?"

"Tulipata."

"Ukurasa wa pili uliusoma?"

"Sikuusoma."

"Una mstari mmoja tu, kwa herufi kubwa. Msitie maji shimoni." Akavua kofia, akajipepea. "Uliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Kila ninakokwenda nakuta mmoja."

Nilitamani ardhi inimeze, na shimo lilikuwa tayari. Nikamwomba afute alichoandika.

"Maneno yako siwezi kuyaandika, dada," akasema. "Leo unaniambia ulimwaga, kesho jirani yako mwenye kinamasi naye ataniambia alimwaga. Naandika udongo tu. Nisaidie kubeba chuma changu cha kutobolea ardhi."

Angeweza kuondoka. Alikuwa na mashamba mengine manne siku ile, na kosa halikuwa lake. Mpaka leo nikimkumbuka namwombea heri. Alipima hatua kumi kutoka shimoni, mahali ambapo sikuwa nimemwaga hata tone, akasimamisha chuma kirefu chenye mkono wa kuzungusha, akaanza kukizamisha. Akizungusha kidogo anakivuta, anatoa udongo ulionasa nchani, anaupanga juu ya gunia. Kisha anazamisha tena. Alipochoka nikapokea. Nilizungusha mpaka viganja vikaniwaka.

Donge kwa donge, shamba letu likalala juu ya gunia. Kwanza udongo mweusi kidogo, wenye mizizi mingi. Kisha kahawia, laini, unaovunjika ukiubonyeza. Kisha mstari mwembamba wa mchanga, kisha kahawia tena. Chini kabisa, zaidi ya kimo cha mtu, kukatoka kokoto za mviringo, nyororo, na kati yake vijizizi vyembamba.

"Kijito kilikuwa kinapita hapa zamani sana," Mama Kisu akatueleza. "Kila kilipofurika kilitandaza udongo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Halafu kikajichimbia njia chini, kikawaachia huu. Una kina kirefu, hauna mwamba, na maji ya mvua yanapita yanakwenda zake. Mizizi imeshuka mpaka huku kwa sababu huku kuna hewa. Nimezunguka sana, mama. Udongo kama huu sikutani nao kila siku."

Mama mkwe alikuwa amesogea. Akachukua donge la chini kabisa, akalivunja kiganjani, akaliangalia kama mtu anayeangalia picha ya mtoto wake.

"Miaka arobaini," akasema, "na sijawahi kuuona ulivyo huku ndani."

Mama Kisu hakuishia hapo. Akanituma nichote yale maji ya shimoni yote, nikachota kwa kikombe, tope mpaka usoni. Kisha akashuka mwenyewe, akakwangua lile tope lililokanyagwa, ambalo ndilo lililokuwa limezuia maji yasipite, akafikia udongo usioguswa, akaniambia nilete ndoo moja.

"Moja," akarudia, akinikazia macho.

Akaimwaga. Mama mkwe akaleta chai, tukakaa ukingoni tukanywa. Kabla vikombe havijapoa, chini palikuwa pamebaki unyevu tu. Mama Kisu akafungua daftari, akakata mistari yake ya mwanzo, akaandika upya: udongo wa kijito, wenye kina kirefu, haushiki maji, wenyewe wabaki. Alitusomea kwa sauti, na mama mkwe akamwomba asome tena.

Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na yule mama. Kwa mama mkwe sikujua nianzie wapi, kwa sababu tangu nikiri alikuwa hajasema nami neno.

"Tumalizie fomu," Mama Kisu akasema. "Jina la mwenye shamba?"

Mama mkwe akanielekeza kidevu. "Andika jina la huyu."

Nilidhani hakusikia vizuri. "Mama, mimi ndiye niliyekaribia kulipoteza."

"Najua. Nilikuwa hapa." Akaweka kikombe chini. "Ungeweza kunyamaza, na nisingejua mpaka nakufa. Wewe ukasema, mbele ya mgeni, na aibu yote ile. Mimi natangulia, mwanangu. Sitaki siku hiyo aje mtu akuulize unangoja nini hapa."

Mama Kisu akaninyooshea kalamu niandike mwenyewe. Nikaipokea, lakini machozi yalikuwa yananitoka hata karatasi siioni, yakidondoka kwenye magoti, kwenye mikono, kwenye udongo. Mama mkwe akanishika kiwiko, akanivuta pembeni.

"Kalilie kule," akasema. "Mtaalamu bado hajafunga daftari."