Kengele ya Mathe

Mwalimu wa saikolojia alieleza habari ya mbwa na kengele. Mbwa aliyezoea kupewa nyama kengele inapolia, mwishowe hudondosha mate kwa kengele peke yake. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walicheka. Kavuo hakucheka. Alimfikiria Mathe.

Mathe, mchumba wake, aliuza na kufunga vipuri vya pikipiki hapo Butembo, na Kavuo akitoka chuoni alisomea dukani kwake. Tangu majuzi simu ya Mathe ilikuwa na mlio wa kengele ya kanisa, kwa mtu mmoja tu. Ikilia jioni, uso wake ulifunguka kabla hajaishika. Alitoka nje, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, umefika? Pumuzika sasa."

Kavuo naye, Mathe alimwita hivyo hivyo kwa mapenzi: mama.

"Anasema anatoka inje juu ya réseau, ati mu duka simu haishike," alimweleza Falonne, mwenzake wa darasani.

"Réseau? Mama, réseau iko mpaka mu choo. Uko na rivale, mwanamuke mwingine."

Neno hilo lilimkaa kooni kama fufu isiyo na mboga. Akaamua kuchunguza kama walivyofundishwa. Alirekodi ule mlio katika simu yake, akawa anaupiga ndani ya mkoba Mathe akiwa amempa mgongo. Kila mara Mathe aliacha spana, akanyakua simu, akakuta hakuna aliyepiga. Mathe alijaribu kumpigia yule mtu wake, simu haikupita. Basi alibaki anatazama barabara.

Mimi hajawahi kunitazamia barabara hivyo, Kavuo aliwaza, na kesho yake akaupiga tena.

Mwisho wa juma mwalimu alifika ukurasa uliofuata: kengele ikilia mara nyingi bila nyama, mbwa huacha kuijibu. Kavuo aliandika tu.

Jioni hiyo kengele ililia, na haikutoka mkobani. Mathe hakugeuka.

"Haupokee?"

"Achana nayo. Ile simu imeharibika, inalia bure."

Kavuo akaichukua. Kwenye kioo palisomeka: Mama. Akapokea.

"Weye ni nani?"

"Ni mama ya Mathe." Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee. "Ni wewe, Kavuo? Alininunulia simu, akasema nisikose kumuita nikitoka shamba. Hapa Mbau waasi banaua batu mu mashamba; mutu anaenda kulima, haujue kama atarudia. Mathe anasikia haya batu bajue ningali nalima, na yeye iko na duka. Umuambie nimetoka. Niko muzima."

Simu ilikatika, Kavuo akabaki nayo sikioni.

"Ni nani?" Mathe aliuliza.

"Mama yako. Ametoka shamba."

Mathe alifumba macho kidogo. "Nashukuru Mungu. Hii wiki sonnerie ya simu imenichezea mpaka nimechoka kuogopa."

Kavuo alivuta mkoba wake karibu. Akaitoa simu yake, akaufuta ule mlio.

Kesho yake jioni kengele ililia tena. Mathe aliendelea kukaza nati yake. Aliyeruka kutoka kitini ni Kavuo.