Mgeni wa Mlango Namba Kumi na Mbili

Pazia lilikuwa la maua mekundu, na Abalo ndiye aliyelishona. Upande wa dirisha walilala Wanjala, mkewe Nasike na watoto wanne. Upande wa pili, usio na dirisha, alilala Abalo na bintiye Akidi. Mlango ulikuwa mmoja, umeandikwa 12 kwa rangi nyeupe. Mvua ikinyesha, maji ya mtaro yalipita kwanza kwa Abalo, ndipo yaende kuwasalimia kina Nasike. Miaka tisa hivyo. Waume wao, askari wote wawili, waliingizwa chumba kimoja siku moja kwa sababu kambi ilikuwa imejaa. Obita, mume wa Abalo, alifia hospitali ya Mulago mwaka juzi. Pazia likabaki.

Habari za maghorofa zilipofika, Abalo ndiye aliyezitembeza. Kambi ile ya juu ya barabara ya Port Bell haikuwa na gazeti la kumshinda. Alikaanga kabalagala, vile vimaandazi vya ndizi, getini, na kila aliyenunua aliondoka na neno lake: vibanda vitabomolewa, kila familia itapata vyumba viwili, choo ndani, na siku ya kutoa maoni asibaki mtu nyumbani. Siku hiyo watu walijaa mpaka mabenchi ya kanisa yakaazimwa.

Watu walisema yao. Mmoja aliuliza kuku watakaa wapi huko juu. Mwingine aliuliza maiti itashushwaje kwenye ngazi. Watu wakacheka, halafu wakaacha. Abalo akasimama. Alisema yeye anaitaka ghorofa leo kabla ya kesho, ila jikoni pawe na njia ya moshi, maana umeme hawatauweza, watapika kwa mkaa tu. Akapigiwa makofi. Bwana Augustin, afisa wa mradi, mtu mpole mwenye miwani, aliandika yote.

"Umesema vizuri, mama. Mlango gani?"

"Kumi na mbili, afande."

Akashusha kalamu kwenye orodha. "Hiyo ni ya Wanjala. Wewe ni mke wake?"

Kicheko kikapasuka. Mtu wa nyuma akasema kumbe Wanjala alikuwa anaficha mali. Abalo naye akacheka, angefanya nini.

"Sisi iko wawili mule ndani, afande. Iko pazia katikati."

"Pazia haina namba, mama." Alisema kwa upole kabisa. "Nitaandika ni maoni ya Wanjala."

Kisha akaeleza utaratibu. Alhamisi atapita kuhesabu. Mlango mmoja, familia moja. Mlango utakaokutwa na familia mbili umevunja kanuni za kambi, na utafutwa kwenye orodha.

Kesho yake Nasike akaja getini, akasimama kama mteja. Alianza na bei ya mafuta, akapita kwenye kikohozi cha mtoto, akarudi kwenye mafuta, mpaka Abalo akamsaidia.

"Unataka nitoe pazia."

"Mama Akidi, wakituona wawili tunakosa wote. Mmoja apate kwanza. Si utakuja tu kukaa na sisi?"

Wanawake hawa walikuwa wamezalishana. Abalo aligeuza kabalagala moja, akageuza nyingine. Alitafuta mahali pa kumkasirikia mwenzake, hakupaona.

Alhamisi asubuhi akalishusha pazia, akalikunja, akalikalia. Misumari miwili ilibaki ukutani. Akidi alitumwa bombani, ingawa majerikeni yote yalikuwa yamejaa.

Bwana Augustin aliinama mlangoni, akaingia. Akahesabu watoto. Akahesabu vitanda. Aliitazama misumari kwa muda, kisha akamtazama Abalo.

"Na huyu mama?"

Wanjala aliangalia viatu vyake.

"Mimi ni mgeni," Abalo akasema.

Afisa akamgeukia Wanjala, mwenye mlango. "Anarudi kwao lini?"

"Jumapili," Wanjala akajibu.

Ikaandikwa. Lakini afisa hakuondoka. Alisimama pale akiijazajaza fomu yake. Ndipo Nasike akaenda kabatini, akatoa kikombe cha wageni, kile chenye ukingo wa dhahabu ambacho Abalo alikuwa amekiosha miaka tisa bila kukinywea. Akakijaza chai.

Abalo akakipokea kwa mikono miwili. Akashukuru kwa adabu, akauliza kama kuna sukari.