Mkeka wa Kijani wa Nolfa Chiguay

Mwanzoni Nolfa Chiguay alicheka. Tangu aolewe, hapo kwao kisiwani Chiloé, kusini mwa Chile, alikuwa aking'oa ukoga wa kinamasi chake, ule mmea laini unaofyonza maji, akiuanika na kuuuza kwa magunia. Leo msomi kutoka mjini, Amparo, amepiga magoti kwenye tope la kinamasi hicho hicho, machozi ya furaha yanamtoka.

"Mama Nolfa, huu si ule unaouza! Huu haujaonekana popote pengine!"

Ulikuwa umejibanza chini ya miti ya tepu, kusikofika jua, mkeka wa kijani usiotosha kufunika meza.

"Huo? Sisi tunafutia viatu," alisema Rosamel, kaka yake Nolfa.

Amparo hakucheka. Alieleza kuwa wakiendelea kung'oa ule mwingine, kinamasi kitakauka na huu utakufa. Nolfa akakubali kuacha. Serikali nayo ikatoa amri: mle kisiguswe kitu.

"Sasa utakula sifa, dada?" Rosamel alimkejeli.

Kwa kweli sifa zilimnogea. Wataalamu walimiminika, naye akawakaangia milcao za viazi na kuwaonyesha mkeka wake kama mzazi anayeonyesha kichanga. Kila mmoja alisema amekuja kuulinda, na kila mmoja aliondoka na kipande: cha kupima, cha kuotesha, cha makumbusho. Nolfa aliona, akanyamaza. Si wanajua wanachofanya?

Kisha wakaja watu wa utalii. Walitaka kujenga njia ya mbao, wageni wasilowe miguu, na miti ya tepu ilikuwa inaziba. Amparo alikuwa safarini ng'ambo.

"Michache tu, mama. Amri ni ya ukoga, si ya miti."

Nolfa aliitikia, tena akawamiminia pombe ya tufaha. Rosamel ndiye aliyeshika shoka, kwa ujira.

Jua likaingia. Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule, na mkeka ukawa kahawia, ukawa unapukutika ukiguswa.

Amparo aliporudi alipiga magoti pale pale, mkeka ukamvunjikia vidoleni.

"Nani aliwaruhusu?"

"Mimi."

"Mama Nolfa, jamani..."

"Mimi, nimeshasema! Na vile vipande mlivyobeba, viko wapi?"

Amparo aliinamisha kichwa. "Havikushika. Vyote vimekufa."

Rosamel alitema mate. "Basi, daktari, kama ukoga wenyewe haupo, dada yangu arudi kwenye kazi yake?"

"Amri bado ipo. Kuifuta ni kazi ya miaka."

"Kwa hiyo tunalinda nini?"

Nolfa alitaka kumtukana yule binti, akajizuia. Angemtukana nani, na shoka lilipita kwa idhini yake mwenyewe?

Wiki iliyofuata alikwenda kuomba kibarua kwa jirani ambaye kinamasi chake hakikuwa na amri yoyote. Aling'oa ukoga wa mwenzake kutwa nzima, maji ya baridi yakimfika magotini. Mtu alipomwuliza habari za wageni wake, alijifanya hakusikia.