Neno la Kuvuta Kamba

Mume wangu alikuwa na neno moja alilolipiga marufuku kazini, na ndilo hilo peke yake alilobaki nalo. Neno lenyewe ni "haya."

Nyumbani alilitumia kama chumvi. Ukimwambia chakula tayari, haya. Ukimwambia mvua inakuja, haya. Akimaliza kuzungumza na simu, haya, haya, haya, kama mtu anayefukuza kuku. Nikimgombeza mpaka sauti inanikauka, ananisikiliza kwa upole wote, halafu, "Haya, mke wangu," na kesho yake viatu vyenye matope viko pale pale mlangoni. Siku moja nilimwambia kwamba haya yake haina haya. Alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kazini, marufuku. Alikuwa mkata miti, ile miti mikubwa iliyobanwa katikati ya nyumba za watu, ambayo ikikosea njia inalala juu ya kitanda cha mtu. Yeye alishika msumeno wa mashine. Mdogo wangu, niliyemwachia ziwa, alishika winchi ya mkono iliyovuta kamba, ili mti uelekee wanakotaka wao. Walifanya kazi pamoja tangu kabla sijaolewa. Kwa kweli ni mdogo wangu aliyemleta nyumbani kwetu.

"Maneno ya kazi ni matatu," mume wangu alikuwa akisema. "Bado, vuta, kimbia. Haya si neno. Mtu akisema haya hujui anaanza, anamaliza, au anakuaga."

Wateja walimwita Bawaba. Alijitakia mwenyewe, kwa sababu hakuweza kunywa chai na mtu bila kumfundisha. Mimi alinifundisha kwa mlango wa chumba chetu. Mti, alisema huku akiusukuma mlango mbele na nyuma, haukatwi ukaisha. Unaufungulia mdomo upande unaotaka uangukie, kisha unauzunguka na kuukata kwa nyuma, na ukikaribia mdomo unaacha. Kile kipande cha mti kinachobaki katikati ndiyo bawaba yenyewe. Mti unageukia hapo, polepole, unakwenda ulikoutuma.

"Na bawaba ikikatika?"

"Mlango utakuangukia."

"Na huyu ndugu yangu akivuta kwa nguvu kabla hujafika kwenye bawaba?"

Aliacha kuuchezea mlango. "Hapo mti unapasuka kwa urefu wake. Nusu inakwenda mbele, nusu inaruka nyuma kama teke. Na nyuma niko mimi."

"Ndiyo shukrani ya punda hiyo," nikamtania.

"Haya," akasema.

Siku yenyewe mimi sikuwepo. Ninayoyajua nimeyapata kwa mdogo wangu, ambaye amenisimulia mara nyingi hata naona kama nilikuwa nimesimama pale. Mti ulikuwa uani kwa mama mmoja mjane, kati ya jiko na ukuta mpya wa jirani. Walifanya kila kitu kama kawaida yao. Walifagia njia ya kukimbilia, kwa nyuma na kwa pembeni, wakaondoa hata ndoo. Kamba ilifungwa juu, winchi ikafungwa mbali kiasi kwamba mti ukilala wote usimfikie mvutaji. Wote wawili walivaa kofia ngumu. Mume wangu alikata mdomo, akauangalia, akaridhika. Akazunguka nyuma, akaanza kukata.

Mdogo wangu hakuuona uso wake. Shina lilikuwa katikati yao. Alisikia mashine ikinguruma, kisha ikashuka, ikabaki inakoroma tu. Halafu akasikia, wazi kabisa, "Haya!"

Akavuta. Alivuta kwa mikono yote miwili, kama alivyozoea.

Kofia ya mume wangu ilivunjika vipande viwili. Daktari alituambia bila ile kofia tungekuwa tumekwisha kuzika. Sikujua wakati ule kama anatupa pole au hongera.

Alipofungua macho, upande wake wa kulia haukuamka naye. Nilimwita. Aliniangalia muda mrefu, midomo ikihangaika, kisha akasema, "Haya." Wifi yangu alipiga vigelegele wodi nzima ikageuka. Kaongea! Tulikumbatiana, hata mimi na wifi, ambao hatukuwa watu wa kukumbatiana. Tukamuuliza kama anaumwa, akasema haya. Tukamuuliza kama anataka maji, haya. Nikamuuliza mimi ni nani. Haya. Wifi aliacha kucheka kabla yangu.

Daktari alisema sehemu ya kichwa inayotunga maneno imeharibika. Wakati mwingine neno moja hubaki, lile lililozoeleka mno, na hutoka lenyewe kama chafya. Anaelewa? Labda kidogo, labda sana, hakuna wa kujua. Litarudi jingine? Daktari alianza kukunja mikono ya koti lake.

Tulimleta nyumbani. Mama mkwe alihamia kwetu na mkeka wake na maneno yake. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema akinitazama mimi, si mkeka. Kwake yeye, mdogo wangu alivuta makusudi. Wifi alisema hapana, alikuwa anasinzia. Wakabishana wao kwa wao kuhusu ndugu yangu, kama vile mimi ni kabati. Nikawaambia nguo hizo za kikulacho nimezifua mimi miaka yote, sijaona mdudu. Mama mkwe akaangua kilio, nami nikajuta, maana ni mtoto wake yule pale kitandani, na kilio kilikuwa cha kweli.

Mdogo wangu alikuja kila siku. Alimgeuza shemeji yake, akamwosha, akambadilisha shuka, kazi ambazo mwanamume hamfanyii shemeji yake hivi hivi. Hakula kwetu hata tonge. Hakugusa mashine, iliyokuwa nyuma ya mlango na vumbi la mti ule ule. Kofia yake aliitundika kwenye msumari na kuiacha pale. Alikonda hata shati likawa la mtu mwingine.

"Alisema haya, dada. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Neno la kuvuta ni vuta."

"Najua. Lakini pale tulikuwa wawili tu. Nani mwingine wa kuambiwa haya?" Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Akinisamehe nitaishi. Asiponisamehe, mimi na yeye ni wamoja, tofauti ni kwamba mimi natembea."

Nilimwogopea. Nasema wazi, nilimwogopea yeye kuliko mgonjwa. Mgonjwa nilijua yuko wapi.

Kwa hiyo nilikwenda kwa yule mama mjane. Nilitaka mtu mwingine aniambie alisikia nini. Mti bado ulikuwa umelala uani, hakuna aliyethubutu kuugusa, matawi yote yakiwa juu yake. Kisiki kilisimama na ubao mrefu uliochongoka kuelekea juu. Sikuweza kukitazama. Mama alinipa kiti, akalia kidogo, akasema, "Na alikuwa kijana wa adabu! Mimi nilitoka mlango wa jikoni nikamwambia, baba, angalia ukuta wa watu. Akapunguza mashine, akanigeukia, akaniitikia vizuri tu. 'Haya, mama.' Hakuna ujeuri, hakuna nini. Haya, mama."

Nilimshukuru. Nikashika njia ya nyumbani. Mume wangu aliangushwa na heshima. Laiti angekuwa mjeuri, laiti angemwambia mama wa watu rudi ndani, angekuwa anakula chakula changu na kuacha viatu mlangoni.

Nilidhani nina dawa mkononi. Nilimkalisha mdogo wangu kwenye ngazi ya mlango nikamweleza: hukuota, hukusinzia, neno lilisemwa kweli, aliambiwa mama mwenye nyumba, hilo "mama" ndilo lililomezwa na mashine. Nilingoja mzigo umtoke mabegani.

Aliangalia mikono yake. "Kwa hiyo hakuniambia mimi," akasema.

"Ungejuaje?"

"Nilikuwa najishikiza pale, dada. Kwamba aliniambia. Kwamba alijisahau yeye, akatumia neno lake la nyumbani." Akatikisa kichwa. "Nimevuta kwa maneno ya watu wengine."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikaa naye pale mpaka mama mkwe akatuita ndani tumgeuze mgonjwa.

Asubuhi yake alikuja mapema, amenyoa ndevu. Mama mkwe alikuwa ametoka. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika ule mkono wa kushoto ulio hai. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni.

"Shemeji," akasema. "Ni mimi niliyevuta. Hukuniita. Nilivunja amri yako. Naomba unisamehe."

Mume wangu alimtazama. Naapa alimtazama kama zamani, kwa upole ule wa kusikiliza magomvi yangu.

"Haya," akasema.

Mdogo wangu alilalia ule mkono akalia kwa sauti, kilio cha mtu anayeshusha mzigo. Nami nilijiambia acha, usiseme kitu, usipumue. Ndilo neno ambalo mume wangu angelisema hata akiwa mzima. Angesema hivyo hivyo, haya, na siku hiyo hiyo wangeondoka na kamba yao. Nilitaka ndugu yangu anyanyuke hapo, anywe chai yangu, aende zake akiwa na neno lake. Nilimwomba Mungu amzibe mdomo asiulize kingine.

Akafuta uso. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu ule mti. "Basi nirudi kazini, shemeji?"

"Haya."

"Nikamalizie ule mti? Niukate matawi?"

"Haya."

Niliona tabasamu linaganda. Niliona swali linalokuja, na sikuwahi kulizuia.

"Au nisirudi tena?"

"Haya," akasema mume wangu, kwa upole ule ule, kwa sauti ile ile.

Mdogo wangu aliuweka mkono wa shemeji yake juu ya shuka, akaunyoosha vidole kimoja kimoja. Alisimama. Alichukua mashine nyuma ya mlango, akatikisa tangi kusikia kama lina mafuta.

"Unakwenda wapi?"

"Ule mti wa mama bado una matawi."

Sikuwahi kukata mti, lakini nimeolewa na Bawaba, na chai zake nyingi nilikunywa mimi. Mti ulioanguka haujafa, alikuwa akisema. Tawi lililolaliwa na gogo limejikunja kwa nguvu zote, na ukilikata bila kuliangalia limebeba nini, linafyatuka usoni. Simama ng'ambo, gogo liwe kati yako na msumeno. Na kamwe, kamwe usiende peke yako.

"Subiri nimtafute mtu mkaende wote," nikamwambia.

"Si kazi kubwa."

Alikuwa ameshapita ngazi. Nikageuka nikaiona kofia yake kwenye msumari. Niliinyakua nikakimbia hadi mlango wa nje, maji ya beseni yakinimwagikia miguuni.

"Kofia!" nikapiga kelele. "Wewe, kofia yako! Rudi uchukue!"

"Haya, dada," akaniitikia kwa adabu, na hakugeuka, akaendelea kwenda mpaka kona ikamficha. Chumbani mume wangu akasikia kelele, akadhani ni yeye niliyemwita, akaitika.